Mwanangu, Hukushindwa Peke Yako

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponipigia ukitoka kwa daktari kwa ajili ya sukari ya damu, ulisema neno ambalo limeninyima usingizi. Ulisema, "Mama, ni kosa langu mwenyewe, sina nidhamu." Ulilisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha hukumiwa na kuikubali hukumu. Nikajibu juu juu, tukaagana, nikabaki nimeishika simu. Najua neno hilo ulilitoa wapi. Ulilitoa kwangu.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka 11, nilipokuta karatasi za biskuti kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako la shule? Ulikuwa umezikunja vimraba vidogo vidogo, ukavibana pamoja ili visipige kelele. Nilivitandaza mezani mbele ya shangazi zako nikakuuliza, "Huna haya na tumbo lako?" Hukujibu. Ulikuwa unachezea kifungo cha chini cha shati, kile ambacho hakikuwa kikifunga tena. Mtoto anayekunja karatasi namna ile ana haya ya kutosha tayari, nami nikamwongezea. Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa miaka mingi kuliomba hili.

Sikuandikii ili nikupe kisingizio. Mkono unaopeleka chakula mdomoni ni wako, na sukari ya damu aliyokutajia daktari iko kwenye mwili wako, si wa mwenye kiwanda. Ila nataka ujue miaka yote hii ulikuwa unashindana na nani.

Mwaka 2019 mtafiti mmoja wa taasisi za taifa za afya za Marekani, Kevin Hall, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio dogo. Watu wazima 20 waliishi hospitalini wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili wakapewa chakula kilichopikwa kwa vitu visivyosindikwa hivyo. Nusu walianza na hiki, nusu na kile. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu akaambiwa ale kadiri apendavyo. Kwenye chakula cha viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, tena walikula upesi zaidi, na wakaongezeka karibu kilo moja. Walipokula kile kingine wakapungua kiasi hichohicho. Watu ni walewale. Sasa niambie, nidhamu yao ilipotea siku 14 kisha ikarudi yenyewe?

Tuna neno ambalo siku hizi nalifikiria sana: kukinai. Ni pale ulimi wenyewe unaposema basi, hata kama tumbo lina nafasi. Viwanda vina wataalamu ambao kazi yao ni kuhakikisha hufiki hapo. Wanawaonjesha watu kinywaji kilekile chenye sukari ya viwango mbalimbali, wanaandika nani kapenda nini, mpaka wanakipata kile kiwango ambacho chini yake hakijakolea na juu yake kinakinaisha. Chakula kinalainishwa kiyeyuke mdomoni bila kutafunwa sana, na usipotafuna unameza upesi, ubongo unachelewa kupata habari kwamba umeshiba. Wewe ulikuwa mtoto na pakiti yako chumbani, upande wa pili kuna maabara. Na mimi nikakuuliza kama huna haya.

Juzi nilivaa miwani nikakaa na chupa ya soda ya mililita 500. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, wameandika kiasi cha sukari "kwa kipimo kimoja". Nikatafuta kipimo kimoja ni nini: mililita 250. Nani hunywa nusu chupa akarudisha kizibo? Nikazidisha mara mbili, nikapata gramu 53. Nikachukua bakuli nikaanza kuchota sukari kwa kijiko cha chai, kila kijiko gramu nne hivi. Vijiko 13. Mdogo wako alikuwa ananiangalia, akadhani napika kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chupa moja imemaliza siku nzima, na hujala bado.

Siku nyingine, kwenye foleni ya kulipia, niliinama kumfunga mdogo wako kamba za viatu. Nikainua macho nikiwa bado nimepiga goti, na hapo ndipo nilipoona. Pipi zote, chokoleti zote, vikatuni vyote vinavyocheka, vimepangwa usawa wa macho yake. Nikisimama naona mashine ya kulipia, nikipiga goti naona hivyo. Sisi wazazi husema samaki mkunje angali mbichi. Hawa wenzetu wanalijua hilo kuliko sisi.

Hata lawama yenyewe ina watu wanaoielekeza. Miaka ya 1960 chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani kiliwalipa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na makala yao ya mwaka 1967 ikapunguza makali ya ushahidi dhidi ya sukari katika maradhi ya moyo, mzigo ukatupiwa mafuta. Nyaraka hizo zilikuja kuanikwa mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imejulikana kwamba Coca-Cola ilifadhili kundi la wanasayansi lililosisitiza kuwa tatizo letu ni uvivu wa kufanya mazoezi kuliko tunachokula na kunywa. Mazoezi ni mazuri, na nitakuomba uyafanye. Lakini tazama ujumbe ule unamwachia nani kosa.

Kinachonitia hasira zaidi ni kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Uingereza ilitangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi mwaka 2016, ianze 2018. Viwanda vingi vikapunguza sukari kabla hata siku yenyewe haijafika. Kumbe waliweza siku zote! Chile nayo, kuanzia mwaka 2016, iliamuru alama nyeusi za pembe nane ziwekwe kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango, na ikaviondoa vikatuni kwenye vyakula hivyo. Ununuzi wa vinywaji vilivyokolea sukari ukashuka kwa karibu robo. Hakuna aliyewapa Wachile dawa ya nidhamu.

Kwa hiyo kipi ni chako? Nimelifikiria hili usiku kucha. Nadhani ni pale mlangoni, kabla kitu hakijaingia ndani. Ukiwa na pakiti kabatini utapigana nayo usiku mara 20, na inatosha ishinde mara moja. Dukani unapigana nayo mara moja, tena ukiwa umeshiba, maana ukienda na njaa utarudi na vitu usivyovijua. Soma nyuma ya pakiti, mbele ni tangazo. Soda iwe ya siku maalumu, si ya kiu. Na dawa alizokuandikia daktari uzimeze bila kuona aibu, si adhabu zile. Ukisikia watu wanadai alama kama zile za Chile, weka sauti yako hapo, maana na hilo liko mikononi mwako.

Na kuna lililo langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua. Nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nikaona pakiti inanyamazisha nyumba, nikashukuru. Sijilaumu kupita kiasi, nilikuwa peke yangu na nyinyi wawili, ila sitakuachia wewe sehemu yangu uibebe. Ile pakiti uliyoificha, ilitoka kwenye mkoba wangu.

Ukija nyumbani sitasema umenenepa wala umepungua. Nimewaambia na shangazi zako, na mkubwa wao amekubali kwa shingo upande, lakini amekubali. Ulisema daktari anataka kukuona tena baada ya wiki mbili. Ukipenda nitakuja nawe. Nitakaa kile kiti cha pembeni, na sitafungua mdomo mpaka wewe uniulize.

Mama yako