Betri ya lithiamu haijakosea, tuulizane nani kaifunga

Mhariri, salamu na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na nikizidisha maneno kata tu ila usinikatie zile namba maana ndo zenye kazi humu.

Kuna msomaji mwenzetu wiki iliyopita aliandika kwa hasira kwamba betri za lithiamu kwenye magari ya safari ni uchafu, zimemuunguzia altaneta (ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri) na zipigwe marufuku zisiingie nchini. Nimeisoma ile barua mara mbili, na nimemuonea huruma kweli kwa sababu yaliyomkuta yeye ndo yaliyonikuta mimi mwaka jana, nukta kwa nukta, mpaka ile harufu aliyoielezea naijua. Ila ndugu yangu, hiyo betri unaionea.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka wa 14 huu kwenye usukani, na gari ninayoendesha ni Land Cruiser ndefu ya paa la kufunguka, injini ya 1HZ, umeme wa volti 12, altaneta yake imeandikwa ampea 80. Betri ni mbili, moja mbele ya kuwashia gari, ya pili nyuma ya siti za mwisho kwa ajili ya friji, chaja za kamera na taa za kambini. Miaka yote hiyo ya pili ilikuwa betri ya maji ya kawaida na kila dereva wa kambi anajua shida yake. Imeandikwa ampea-saa 100, hicho ni kipimo cha ujazo wake, lakini ukishavuka nusu unaiua, kwa hiyo una 50 tu za kutumia, friji likila usiku kucha na wageni wanne kila mmoja ana kamera na laptopu, asubuhi unakuta maji ya kunywa ya moto na siagi imekuwa mafuta. Lithiamu ya ampea-saa 100 unaitumia 80 au 90 bila kuiumiza, na uzito ni kilo 12 hivi wakati ile tuliyoitoa ilikuwa inakaribia 30. Bosi alipoileta nikainyanyua kwa mkono mmoja nikadhani ni boksi tupu.

Sasa sikia ilivyofungwa. Kijana wa dukani alikuja na spana namba 10 na testa, akatoa betri ya zamani, akaweka mpya palepale, waya uleule wa mili 6 (milimita za mraba) unaotoka mbele kupita chini ya bodi, rilei ileile, yaani swichi inayojiendesha ya kuunganisha na kutenganisha betri mbili, fyuzi hakuna hata moja. Dakika 40 kamaliza. Nikamuuliza, mdogo wangu hii haitaki kitu kingine? Akanijibu, "Kaka hii ni funga usahau, tena hailipuki hata ukiipiga nyundo." Nikasahau kweli.

Safari ya tatu au ya nne tulikaa usiku mbili kambini juu ya kreta Ngorongoro, gari haikutembea sana, betri ikanyonywa karibu iishe. Asubuhi ya kuondoka tukashuka kuelekea Serengeti, pale geti la Naabi kama mnavyopajua foleni ya makaratasi haina haraka, mimi kwa ujanja wangu nikaiacha injini inaunguruma ili nimsaidie betri apate chaji. Dakika 45 gari iko sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta. Wageni wamepanda kilimani kupiga picha, mimi nimeegemea boneti nanunuliwa soda na mwenzangu, nikasikia boneti ina joto lisilo la kawaida, halafu ikaja harufu kama ya mota ya pampu iliyoungua, ile ya vanishi. Kuingia ndani taa ya chaji imewaka nyekundu. Kilichotuokoa ni kwamba 1HZ ni dizeli ya zamani, pampu yake haihitaji umeme mwingi, kwa hiyo siku nzima nilitembea bila kuzima injini, hata wageni walivyokula boksi zao chini ya mgunga gari ilikuwa inanguruma pembeni, mama mmoja Mjerumani akawa ananiangalia kama namchafulia hewa makusudi. Na alikuwa na haki, nilikuwa namchafulia.

Kurudi Arusha altaneta imefunguliwa koili nyeusi tii. Na hapo ndo likaja neno, dereva umeharibu gari, dereva ulipe. Nitalirudia hilo.

Aliyenipa mwanga ni mzee mmoja fundi umeme, mtu wa zamani, wa kumpa shikamoo na kukaa kimya. Hakugusa kitu kwanza. Alisubiri altaneta mpya ifungwe, akanambia niimalize betri kwa kuacha friji na taa, kesho yake akaja na klampu mita, ile ya mdomo kama kaa unaubana kwenye waya bila kuukata, akasema washa. Gari sailensi, namba ikasimama ampea 51. Akasema kanyaga kidogo, ikaenda 63. Akanishika mkono akauweka juu ya ule waya, aisee, haukai hata sekunde tatu, na mfuko wa plastiki wa juu umelainika unabonyea kwa kucha. "Unaona mwanangu, anakunywa huyu. Yule wa zamani alikuwa anajua kusema basi."

Maana yake ni hii. Betri ya maji ikianza kuchajiwa inavuta moto (umeme) mwanzoni halafu kadiri inavyojaa inakataa, na altaneta inapumzika. Lithiamu haina aibu hiyo, upinzani wake wa ndani ni mdogo sana, inavuta kwa nguvu ileile karibu mpaka imejaa, na altaneta ya gari haikutengenezwa kufanya kazi ya nguvu zote saa nzima. Sailensi ndo mbaya zaidi, kwa sababu feni ya altaneta iko kwenye shafti yake mwenyewe, injini ikizunguka polepole na feni inazunguka polepole, joto linapanda hakuna upepo. Yaani pale Naabi nilipodhani nasaidia ndo nilikuwa naichoma kwa mikono yangu.

Halafu rilei. Hizi rilei nyingi zinasoma volti, zikiona 13.3 zinaunganisha betri mbili kwa kudhani injini inawaka, zikiona 12.8 zinaachanisha. Kwa betri za maji sawa kabisa maana ikipumzika inakaa 12.6 au 12.7. Sasa lithiamu iliyojaa ikipumzika inakaa 13.3 bila injini! Rilei inaona namba hiyo inaamini gari linatembea, haiachi, usiku kucha betri mbili zimeshikana kama mapacha. Mzee alinionyesha kwa mita, gari imezimwa, ufunguo mfukoni mwangu, rilei bado imeuma. Niliona aibu maana hiyo rilei nimeipita kila asubuhi nikikagua oili.

Dawa yake siyo uganga. Alitoa rilei akaweka chaja ya DC kwenda DC (umeme wa betri kwenda betri) ya ampea 30, kiboksi cha aluminiamu chenye mapezi, kazi yake inachukua moto wa altaneta kwa kipimo na kuupandisha mpaka 14.4 ambayo lithiamu inaitaka, na injini ikizimwa inakata yenyewe. Waya akaubadilisha ukawa mili 16. Akanipigia hesabu kwenye boksi la sigara: mita 6 kwenda na 6 kurudi, moto ampea 30, waya wa mili 6 unakula volti 1 nzima njiani, wa mili 16 unakula 0.4. Fyuzi za ampea 60 mbili, moja jirani na betri ya mbele, moja jirani na lithiamu, siyo katikati ya waya, JIRANI, kwa sababu waya ukikwanguka popote kuna betri pande zote mbili za kuulisha moto. Pale pa ethi, waya wa hasi unaoshika chasisi, akakwangua rangi mpaka chuma king'ae. Na betri akaibana kwa vyuma na boliti kwenye boksi, barabara ile ya kuelekea Naabi inavyotetemesha nati za terminali zinajifungua zenyewe, sasa hivi nazikagua kila nikirudi safari.

Tukapima tena. Upande wa altaneta inasoma ampea 35 sailensi, 35 nikikanyaga. Haipandi. Saa tatu za mwendo zinarudisha karibu ampea-saa 90, yaani mpaka nafika Seronera, katikati ya Serengeti, kutoka Karatu nimeshajaza.

Kuhusu kulipuka, yule kijana hakudanganya sana. Hizi za gari ni za chuma na fosfati, hazina kobalti ile inayochimbwa Kongo na kuwekwa kwenye betri za simu nyingi, na zinavumilia joto kuliko zile. Waliozigundua ni kundi la mzee John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, yule aliyepewa Nobel 2019 akiwa na miaka 97, kwa hiyo vijana mnaosema mzee hawezi kujua lithiamu mtulie. Lakini betri isiyolipuka ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea kwa mpigo, na waya usio na fyuzi ukiwa mwekundu chini ya kapeti pembeni ya siti haujali betri ni ya aina gani. Gari zinaungua kwa waya.

Na jamani msiifunge chini ya boneti. Wenzetu wa Ulaya wanahangaika na baridi maana chini ya sifuri haitakiwi kuchajiwa kabisa, huku kwetu adui ni joto, pembeni ya injini ya dizeli mchana wa Februari betri inapikwa.

Jambo lingine watu wanalolalamikia, "imekufa ghafla". Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, ikiona hatari inakata. Mwezi wa saba nilikuwa na wageni, dada mmoja kaoga maji ya baridi kambini, akachomeka drayer ya nywele kwenye inveta (kiboksi kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) bila kuuliza, wati 1800, hiyo kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 140 na bodi ya betri yangu mwisho 100. Pap, giza, friji kimya, mpishi anauliza nyama itakuwaje. Zamani ningesema betri feki. Nilichomoa drayer, nikawasha injini, chaja ikaiamsha, tukaendelea. Ila kama ingekata hivyo wakati inachajiwa moja kwa moja na altaneta kama ilivyokuwa mwanzo, ule moto uliokosa pa kwenda unaruka juu kwa ghafla na unaweza kuua daodi za altaneta (vipande vya ndani vinavyonyoosha umeme wake) na vitu vingine vya umeme ndani ya gari, hiyo nayo niliambiwa na mzee na ndo maana hataki kusikia habari ya kuunga moja kwa moja.

Sasa nirudi kwenye neno langu. Mhariri, chaja, waya, fyuzi na ufundi vilifika karibu nusu ya bei ya betri yenyewe, na hiyo nusu ndo wauzaji wanaimeza kimya kwa sababu wakiitaja mteja anaondoka. Mwenye kampuni naye anataka kusikia bei ndogo. Fundi anafunga alichoambiwa. Mtu wa mwisho kwenye mnyororo ni dereva aliye porini na taa nyekundu kwenye dashibodi, na ndiye anayeandikiwa barua. Mimi nilikatwa laki tatu na nusu kwa mikupuo mitatu kwa altaneta iliyouawa na waya ambao sikuufunga. Ningeomba kila betri ya namna hii ikiuzwa iende na karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu unatosha, inasema usiunge bila chaja ya kati, waya saizi fulani, fyuzi hapa na hapa, na fundi aliyefunga aandike jina lake na namba ya simu chini. Aandike, asaini.

Na wewe ndugu uliyeandika wiki iliyopita, kabla hujaitupa hiyo betri tafuta mtu mwenye klampu mita, ibane kwenye waya, kanyaga mafuta uone namba. Kama na wewe walikukata mshahara, iweke hiyo namba kwenye simu kwa picha yenye tarehe. Mimi yangu niliipeleka ofisini kwa bosi na boksi la sigara lenye hesabu za mzee, akaviangalia, akasema tutaongea mwisho wa mwezi. Hii ni miezi mitano sasa.

Dereva wa watalii, Arusha
(jina langu mnalo, naomba lisitoke, bado nipo kazini)