Barua kwa rafiki aliyeuza gari

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango. Nimefurahi kusikia shemeji na watoto ni wazima. Hilo la gari ndilo lililoninyima usingizi.

Unasema umetubu. Umefunga siku tatu, umeomba kwa machozi, na bado ukimwona yule kijana uliyemuuzia moyo unakuenda mbio. Unaniuliza kama ni Shetani anayekushtaki kwa dhambi iliyokwisha kusamehewa. Ndugu yangu, sidhani ni Shetani. Ulijua injini inakufa, fundi alikwambia. Ukatia oili nzito ili isigonge siku ya kuijaribu, na kijana akalipa bei ya gari zima. Mungu amekusamehe, naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini fedha za yule kijana bado ziko kwako.

Nimekuwa nikisoma Mambo ya Walawi, kitabu ambacho wengi wetu tunakiruka. Mlango wa 6 unamtaja mtu aliyemdanganya mwenzake katika mali. Anatakiwa arudishe chote alichochukua, aongeze sehemu ya tano juu yake, amkabidhi mwenye mali, na amletee Bwana kondoo dume wa sadaka ya hatia. Sisi tumebaki na madhabahu tu, mwenye mali tumemsahau.

Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Waliomsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hebu pima uzito wa agizo hilo. Tena hasemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako.

Na Zakayo je, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne? Katika Kutoka 22, aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Mtu aliyekiri mwenyewe alidaiwa mali yenyewe na ile sehemu ya tano. Zakayo hakuburutwa mbele ya hakimu yeyote, lakini alijihukumu kama mwizi: mara nne. Ila Yesu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba leo atashinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajaahidi kurudisha chochote. Kwa hiyo usidhani nakutuma ukanunue msamaha. Nakutuma kwa sababu umeshasamehewa.

Sikuandikii nikiwa mtu safi. Kuna jambo sijawahi kukwambia. Katika kazi yangu ya zamani nilikosea hesabu za ripoti moja, na lawama ikamwangukia dada tuliyekaa naye meza moja. Akapewa barua ya onyo. Mimi nikanyamaza. Nilimwomba Mungu msamaha usiku ule ule, na usiku mwingi baada ya hapo, na kwa miaka miwili niliendelea kuimba kwaya huku nikikwepa macho yake. Siku nilipokwenda, nilianza kwa mkuu wetu, nikaandika maelezo kwa mkono wangu, ndipo nikamwendea yeye. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?" Nikajibu ndiyo.

Ile barua iliondolewa kwenye faili lake. Tunasalimiana hadi leo, lakini hatukurudi kuwa kama zamani, na sina haki ya kumdai hilo. Nakwambia haya ili usiende kwa kijana ukitegemea kukumbatiwa. Anaweza kukutukana. Anaweza kudai umrudishie fedha zote na uchukue gari lako, na akisema hivyo atakuwa na haki.

Sasa, usiende na mahubiri, wala usitangulize kwamba umeokoka. Kwanza mwulize fundi gharama kamili ya kutengeneza injini. Kisha fikiria siku ambazo kijana atakaa bila gari, maana analitumia kujipatia riziki. Mimi hiyo ndiyo naihesabu kuwa sehemu ya tano yako. Mweleze habari ya oili kwa maneno ya wazi, usiseme "kulikuwa na tatizo dogo". Najua fedha zilikwisha kwenye ada za watoto. Basi ahidi kulipa kidogo kidogo, andikianeni, na uitunze ahadi hiyo hata mwezi mgumu. Na ushuhuda wako kanisani usubiri. Haifai washirika wenzako wasikie habari hii kabla yake.

Shemeji, ulivyoandika, anasema yaliyopita yamepita na mnunuzi alilikagua gari mwenyewe. Usigombane naye. Anaogopa njaa, na hofu yake si dhambi. Kaeni chini mpige hesabu pamoja, ajue nyumba itabanwa kwa muda gani, ndipo uende.

Jumamosi sina kazi. Ukitaka nikusindikize, nipigie Ijumaa jioni. Nitakungoja nje mpaka mmalize kuzungumza.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako