Bustani za michezo msimu wa joto: tupange siku kwa kumfuata mtoto

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi wanaojiandaa kuwapeleka watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu kwenye bustani za michezo msimu huu wa joto. Wengi hupanga safari kwa kuhesabu bembea, yaani mashine za kupanda za kila aina: tukimaliza hii twende ile, tusiikose na ile nyingine, kiingilio kisipotee bure. Kwa mtoto wa umri huo hesabu hiyo haifai. Siku yake hupimwa kwa kivuli, maji na usingizi.

Mwili wa mtoto mdogo hauhimili joto kama wa mtu mzima. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hewa ikiwa ya moto kuliko mwili, joto humwingia haraka. Jasho lake ni kidogo, na akikimbia huzalisha joto jingi kwa kila kilo ya uzito wake. Isitoshe, hajui kusema "nasikia kizunguzungu". Atalia au atanyamaza tu. Na kwa kuwa ni mfupi, yuko karibu na lami, ambayo jua kali linaweza kuichemsha hadi kupita nyuzi 60.

Anzeni na kimo. Mpimeni mtoto mkiwa bado nyumbani, akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo. Mtoto wa miaka miwili ana kama sentimita 86, na bembea nyingi zenye kasi hudai 90, 100 au 120. Asiyejua hilo mapema huja kukaa nusu saa kwenye foleni ya juani, halafu anarudishwa mlangoni mtoto akiwa amechoka na amenuna. Ulizeni pia kama wazazi wanaruhusiwa kupokezana: mmoja anapanda, mwenzake anabaki kivulini na mtoto, kisha wanabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Bustani nyingi kubwa zina utaratibu huo, ila mara nyingi hupewa anayeuliza.

Fikeni lango linapofunguliwa. Miale ya jua huwa mikali kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, lakini joto la hewa hufika kileleni baada ya adhuhuri, mara nyingi saa nane au saa tisa alasiri, kwa sababu ardhi huendelea kurudisha joto iliyolifyonza. Familia zinazojificha saa sita na kutoka tena saa nane hukutana na joto kali zaidi ya lile walilolikimbia. Michezo ya nje iishe saa nne na nusu hivi, kisha mtoto ale na alale sehemu ya ndani yenye ubaridi, au mrudi mlikofikia. Atakayeamka vizuri anaweza kurudishwa saa kumi na nusu. Usingizi wa mchana msiuuze kwa bembea moja zaidi. Mtoto aliyekosa usingizi hufanana sana na mtoto anayezidiwa na joto, na hapo mzazi hupoteza dalili ya kwanza ya kumwonya.

Sasa kigari cha mtoto, ambacho ndicho kinachotutia hofu kuliko vyote. Wazazi hukifunika kwa shuka au blanketi jepesi ili jua lisimpige mtoto. Kitambaa kikavu kilichozunguka pande zote huzuia hewa kupita, na ndani ya dakika chache kigarini huwa na joto kuliko nje. Mtoto ananyamaza, mzazi anadhani amelala vizuri. Ikiwa lazima ufunike, tumia kitambaa chepesi ulicholowesha na kukikamua, acha upande mmoja wazi, funga feni ndogo ya betri mahali ambapo vidole havifiki, na ukiloweshe tena kitambaa kila baada ya dakika 15 hadi 20, kabla hakijakauka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilipima jambo hili: kitambaa chenye maji pamoja na feni kilishusha joto kigarini, na kikavu kililipandisha. Feni peke yake, hewa ikishapita nyuzi 35, humpulizia mtoto joto. Lowesha kwanza ngozi yake. Na ukitaka kujua hali yake, gusa shingo kwa nyuma au kifua. Viganja na nyayo hudanganya.

Maji yana hesabu yake. Mtoto wa umri huu huhitaji kama lita moja ya vinywaji kwa siku ya kawaida, maziwa yakiwemo, na zaidi kukiwa na joto. Msingoje aombe. Mpeni mafunda machache kila dakika 15 au 20; foleni ni mahali pazuri pa kufanya hivyo kwa sababu hana pa kukimbilia. Aliye chini ya miezi sita hapewi maji, ananyonya mara nyingi zaidi. Mkigandisha chupa, zijazeni robo tatu tu, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Kosa la kawaida ni kubeba chupa zilizoganda peke yake: saa mbili zinapita, kuna jiwe la barafu na hakuna cha kunywa. Kwa kila chupa iliyoganda, chukueni nyingine yenye maji ya kawaida.

Nepi ndiyo kipimo. Ikibaki kavu kwa muda wa saa tatu au nne, mtoto aende kivulini na aongezewe vinywaji. Ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, au akilia bila machozi huku mdomo umekauka na macho yameingia ndani, apelekwe kwa daktari. Dawa ya chumvichumvi ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kukisia nusu pakiti kwa kikombe ni hatari, kwa sababu chumvi ikizidi humkausha zaidi.

Chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, mwisho ni saa moja. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Bisi wasipewe kabla ya kutimiza miaka minne, hata wakililia.

Mafuta ya kukinga jua yawe ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na yarudiwe kila saa mbili na kila anapotoka majini. Masikio na juu ya miguu husahaulika. Kabla hajakaa kwenye mtelezo au kiti cha chuma, weka mgongo wa kiganja chako hapo kwa sekunde tano. Usipoweza kuvumilia, naye hataweza.

Jambo la mwisho kwa wazazi ni dalili. Mtoto mwekundu au aliyepauka, anayetoka jasho jingi, anayetapika au kukosa raha, avuliwe nguo kivulini, apanguswe kwa maji na anyweshwe kidogo kidogo. Akianza kuzubaa, asiamke sawasawa, akapata degedege, au joto la mwili likafika nyuzi 40, hicho ni kiharusi cha joto. Mmoja aite msaada wa dharura papo hapo, mwingine ammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Asipewe kitu mdomoni. Paracetamol haisaidii: homa ya ugonjwa hupandishwa na ubongo wenyewe, na dawa huishusha; hapa ubongo haujaomba joto, mwili umeshindwa kulitoa.

Kwa wenye bustani tuna ombi. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, Marekani, tarehe 17 Julai 1955, siku ilikuwa ya joto kali. Lami mpya ililainika hadi visigino vya viatu vikazama, na mabomba mengi ya kunywea hayakuwa na maji. Hiyo ni miaka mingi iliyopita, na hakuna sababu ya mtoto kukutana na hali kama hiyo leo. Wekeni paa juu ya foleni yote, si mita tano za mwisho peke yake. Wekeni bomba la maji ya kunywa karibu na bembea za wadogo. Na ubao wa vimo uwekwe kabla ya dirisha la tiketi, pamoja na ufito wa kupimia, ili mzazi ajue mtoto wake ataingia wapi kabla hajatoa pesa.

Ni sisi,
Walezi wa watoto wadogo