Barua kwa Zuhura, kabla hamjauzwa

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, mwenzangu. Mimi ni mzima, na natumaini nawe u mzima, ingawa barua yako imenionyesha kwamba moyo haujatulia. Nimeisoma mara tatu. Pale uliposimulia jinsi wakubwa wenu walivyowakusanya na kuwaambia kuna mchapishaji anataka kuinunua studio yenu nzima ya gemu, na kwamba wengine walipiga makofi huku wewe ukimuwaza mchimba kisima wako, yule mhusika uliyemwandika, niliiweka chini nikanyamaza kidogo. Nami nilishakaa kwenye kikao kama hicho.

Umeniuliza, wakitununua watatuua? Siwezi kukujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu yote mawili yametokea. Acha nikusimulie kwanza yaliyotupata sisi, maana sikuwahi kukueleza vizuri.

Watu hudhani mnunuzi huingia na kalamu nyekundu akaanza kukata hadithi. Kwetu hakuna aliyekata. Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri: mishahara ilikuja kwa wakati, tukapata kompyuta mpya, tukaajiri wachoraji tuliokuwa tukiwatamani kwa miaka. Kisha kikaja kikao cha jedwali. Kila misheni ilikuwa na mstari wake, gharama upande mmoja, na upande wa pili makadirio ya wachezaji watakaoifikia. Mimi nilikuwa na mvushaji mzee mwenye mtumbwi. Ukimpunja nauli mwanzoni mwa gemu, anakukumbuka baada ya saa nyingi, na usiku unaokimbizwa anakataa kukuvusha. Namba iliyokaa mbele yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Hakuna aliyeniamuru nimtoe, Zuhura. Niliulizwa kwa upole kama kazi ile isingewekwa mahali ambapo kila mtu ataiona. Nikamtoa kwa mkono wangu. Na tangu wiki ile sikupendekeza tena kitu cha namna hiyo.

Hapo ndipo nilipoielewa shida yetu sisi tunaotengeneza gemu za kuigiza wahusika. Gemu ya mbio za magari, karibu kila barabara iliyochorwa itapitwa. Yetu sivyo. Ili mchezaji aamini kwamba ameamua, lazima njia aliyoiacha nayo iwe imejengwa kweli, pamoja na watu wake, sauti zao na hasira zao, hata kama ataimaliza gemu bila kuikanyaga. Tunaandika mengi ili kila mmoja aone machache. Kwa mtu wa hesabu huo ni ubadhirifu. Kwetu ndiyo kazi yenyewe.

Ukiwa na jambo hilo kichwani, historia inasomeka tofauti. Origin, studio iliyotengeneza mfululizo wa gemu za Ultima, walinunuliwa na Electronic Arts, mchapishaji mkubwa wa gemu, mwaka 1992. Miaka miwili baadaye Ultima VIII ikatoka imepunguzwa ili iwahi tarehe, na Richard Garriott, mwanzilishi, amesema hadharani kwamba anajutia kuiachia katika hali ile. Mwaka 2004 studio ikafungwa. Sidhani kuna mtu pale aliyeketi akapanga kuiharibu Ultima. Walikuwa na kalenda, na kalenda haijui mhusika yupi anahitaji mwezi mmoja zaidi.

BioWare unawajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuipenda gemu yao, Dragon Age. Ile ya kwanza, Origins, ilitangazwa 2004 ikatoka Novemba 2009. Katikati hapo, mwanzoni mwa 2008, Electronic Arts walikamilisha ununuzi wa studio. Dragon Age II ikafuata Machi 2011, miezi 16 tu baada ya ile ya kwanza. Wachezaji walilalamikia mapango yanayojirudia, pango lile lile likifunguliwa mlango tofauti, na walikuwa na haki. Lakini waandishi waliobanwa na muda walifanya jambo ambalo bado linanigusa: waliibana hadithi ndani ya mji mmoja kwa miaka kadhaa, wakampa Varric, mmoja wa wahusika, aisimulie kwa ulimi wake. Ubunifu haukufa pale. Ulihamia kwenye yale yasiyodai mapango mapya.

Kilichoniumiza zaidi kwao ni suala la injini, ile programu ya msingi inayoendesha gemu. Baada ya hapo walihamia Frostbite, iliyojengwa na DICE, studio dada, kwa ajili ya gemu za kupiga risasi. Hata mambo ya lazima kwa gemu yetu, kama begi la mhusika na namna ya kuhifadhi mchezo, ilibidi wayajenge wenyewe, na miaka ya kazi ikaenda huko. Aaryn Flynn, aliyekuwa akiiongoza studio, alisema baadaye kwamba hawakulazimishwa, uamuzi ulikuwa wao. Namwamini. Mimi pia sikulazimishwa kumtoa mvushaji. Ukishaingia kwenye nyumba ya mtu unaanza kuchagua yale ambayo nyumba ile inayarahisisha, na unaamini kabisa kwamba umechagua mwenyewe.

Sasa upande wa pili, maana sitaki ulale na hofu tupu.

Obsidian walinunuliwa na Microsoft mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kuhangaika kutoka mkataba hadi mkataba. Mwaka 2022 wakatoa Pentiment, gemu iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha watu wapatao 13, ya mchoraji katika mji mmoja wa Bavaria, Ujerumani, karne ya 16, ikiwa na sura ya miswada ya kale. Unachunguza mauaji, muda hautoshi kuwahoji wote, unamtaja mtu, mtu anauawa, na gemu haikuambii kamwe kama ulimtaja aliye na hatia. Kila mchezaji anakosa sehemu kubwa ya kitabu kile, na hilo ndilo linalompa uchungu. Josh Sawyer, aliyeiongoza, amesema isingewezekana bila Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi. Kwa hiyo pesa za kampuni kubwa zilimlinda mvushaji wa mtu mwingine. Lakini miezi 18 tu baadaye mmiliki huyo huyo alitangaza kuzifunga Arkane Austin na Tango Gameworks, studio zilizomfikia kwa kununua ZeniMax, kampuni mama yao, mwaka 2021.

Ndiyo maana jina la mnunuzi halinitoshi. Embracer, kundi la kampuni za gemu, walikuwa na studio za Warhorse na Piranha Bytes chini ya paa moja. Warhorse wakapewa nafasi ya kuimaliza Kingdom Come: Deliverance II, ikatoka Februari 2025 na kupokewa vizuri mno. Piranha Bytes, watu wa Gothic, walifungwa 2024, baada ya dili la dola bilioni 2 ambalo kundi lile lililitegemea kuvunjika mwaka 2023 na upunguzaji kuanza. Unaweza kuandika vizuri maisha yako yote, kisha mkutano wa watu usiowajua, kuhusu pesa zisizokuhusu, ukafunga mlango wako. Hilo siwezi kukupa dawa yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Monolith Soft, studio ya Japani. Nintendo waliwanunua mwaka 2007. Walipokuwa wakitengeneza Xenoblade, kazi ikawazidi, na Tetsuya Takahashi mwenyewe, aliyeiongoza kazi ile, akapeleka mapendekezo ya kupunguza ili wawahi tarehe. Aliyekataa ni Hitoshi Yamagami, mtu wa upande wa Nintendo. Aliwataka waimalize kama walivyoiwaza, kisha akaenda kuwashawishi wakubwa wake waongeze muda. Gemu ikatoka 2010. Mtu wa upande wa mnunuzi ndiye aliyeulinda upana wa dunia ile, wakati mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa.

Kwa hiyo, mwenzangu, wakija kuwaona, usiulize kama wanapenda ubunifu. Wote watasema wanaupenda. Uliza Yamagami wenu ni nani. Tarehe ikikaribia na kazi haijaiva, ni mtu gani mwenye jina na cheo atakayesema endeleeni, na ana mamlaka ya kusema hivyo au atalazimika kuomba ruhusa kwa mtu wa tatu? Uliza pia dunia mliyoiandika itabaki mikononi mwa nani studio ikifungwa. Mwaka 2003 baadhi ya watu wa Black Isle, studio ya kampuni ya Interplay, waliondoka wakaanzisha Obsidian, miezi michache baadaye Interplay wakaifunga Black Isle, na gemu yao ya Fallout ikaja kuuzwa kwa Bethesda. Obsidian walipoirudia mwaka 2010 kwa Fallout: New Vegas, walirudi kama mafundi wa kukodiwa kwenye dunia ambayo kampuni yao ya zamani ndiyo iliyoizaa. Waliifanyia kazi nzuri mno, lakini haikuwa yao.

Na wakikupa lile jedwali, usifanye nilivyofanya mimi. Mchimba kisima wako, waache wamkate wao, kwa sauti, mbele ya wenzako, ili kila mtu ajue nani ameamua.

Nina ombi moja. Nitumie ile sehemu ya mchimba kisima kama ilivyo leo, hata kama sauti hazijarekodiwa na nyuso hazijakamilika. Nataka kumdanganya, nikutane naye tena kwenye ukame, nione atanifanya nini. Kisha nianze upya nimwambie ukweli. Nitakuandikia yote mawili kabla hamjatia saini.

Wako akupendaye,
Salma