Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wastaafu wa Utumishi wa Umma Kigoma, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wenzangu,

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mliostaafu juzi, karibuni chamani. Kabla ya yote, wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tumewasitiri kwa heshima, na rambirambi zimefika kwa familia zao, Ujiji hadi Kasulu. Kwa hilo nawashukuru viongozi wa kanda.

Mwaka mzima ofisi yetu imekuwa na swali moja: kikokotoo, yaani kanuni ya kuhesabu mafao ya mstaafu. Naomba nilieleze kwa kirefu, maana nimesikia vijiweni mambo ambayo sheria haiyasemi.

Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ikaanza kazi Agosti 1 mwaka huohuo. Kanuni zilizofuata zilishusha mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25, vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele, na Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akaamuru utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Haukufika huko. Julai 1, 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Juni 13, 2024, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, akatangaza kwenye hotuba ya bajeti kwamba waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani watapata 40, na waliokuwa wakilipwa 25 watapata 35.

Watu walishangilia. Mimi pia nilipiga makofi, kisha nikachukua kalamu.

Tuchukue mtumishi aliyetoka PSPF, miezi 360 kazini, wastani wa mshahara wake bora shilingi milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Zamani tulizidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, tukagawa kwa 540. Inatoka pensheni ya mwaka, milioni 8. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa milioni 62, na nusu iliyobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, ni pensheni ya shilingi 333,333 kwa mwezi. Leo tunagawa kwa 580, na kizidisho ni 12.5. Kwa asilimia 40, mkupuo ni milioni 37.24 na pensheni ya mwezi ni 372,414.

Kwa hiyo mkupuo umepungua kwa karibu milioni 25, na pensheni imeongezeka kwa shilingi 39,000 na kitu. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichopungua, mstaafu anahitaji miezi zaidi ya 630. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 awe hai akiwa na 112. Tuombe uzima, lakini si kwa kiwango hicho.

Sasa linganisheni 33 na 40 ndani ya fomula hiihii mpya. Kwa 33, mtu yuleyule angepata mkupuo wa milioni 30.72 na pensheni ya 415,862. Anayechukua 40 anabeba milioni 6.5 zaidi leo na anaacha shilingi 43,448 kila mwezi. Akiishi miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, hesabu zinalingana. Huko ni kubadilishana tu, na anayependa pensheni nene ana haki ya kuiona 33 si mbaya. Kilichotupunguzia fedha ni 540 kuwa 580 na 15.5 kuwa 12.5. Tumegombania asilimia, namba hizo mbili zikapita mlango wa nyuma. Wenzetu waliotoka PPF wao hawajaguswa na hilo. 580 na 12.5 walikuwa nazo tangu zamani.

Haki isemwe pia: mifuko ilikuwa hoi. Watumishi walioajiriwa kabla ya 1999 hawakuwa wakichangia, deni lao likabaki kwa Serikali, na fedha nyingine zilikopeshwa miradi kama Chuo Kikuu cha Dodoma. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Lakini deni la mwajiri halikupaswa kulipwa kwa kikokotoo cha mwajiriwa, na huo ndio msimamo ambao kamati yenu imeuandika katika barua yake.

Mliostaafu kati ya Julai 2022 na Juni 2024, hotuba ileile ya bajeti iliwataja ninyi pia. Leteni hati ya malipo tuhesabu mapunjo pamoja. Msitume namba za siri kwa mtu yeyote anayepiga simu akijiita ofisa wa mfuko. Mwaka huu matapeli wamejua majina yetu kuliko wajukuu zetu.

Januari 2025 kima cha chini cha pensheni kwa wanaolipwa na PSSSF kilipanda kutoka shilingi 100,000 hadi 150,000, na wengine wakaongezewa asilimia 2. Wanaolipwa na Hazina wakati huo walibaki kwenye 100,000 ileile ya tangu 2015. Wengi wao ndio wazee wetu kabisa. Napendekeza mkutano huu uweke dai lao mbele ya letu.

Uhakiki wa wastaafu sasa unafanyika kwa simu kupitia programu ya PSSSF Kiganjani. Asiye na simu janja aje na kitambulisho, vijana wa ofisi watamsaidia bila malipo.

Mwisho, mkupuo. Mwaka 2024 baadhi yetu tuliutumia kununua vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia, pamoja na nyavu na injini mwaloni Kibirizi, kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mkopo wa injini haukufungwa. Anayetaka kuweka fedha ziwani aulize kwanza ratiba ya kufunga, na asiweke zote.

Mweka hazina atasoma hesabu za ada baada yangu. Wanaodaiwa wanajijua. Barua ya dai la Hazina ipo mezani kwa katibu. Isomeni, kisha wekeni saini kabla ya chakula.

Mwenyekiti