Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: tupeni visima, tufunge mabanio ya mifereji kiangazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Igurusi, wilayani Mbarali. Mimi ni mkulima wa mpunga. Ada za shule za wanangu zimetoka kwenye majaruba, kwa hiyo ninachokiomba hapa kitanigusa mimi kwanza.

Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la karibu kila mwaka. Maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa kuvuka mwamba pale Ng'iriama. Ihefu ikishuka chini ya mwamba ule, mto umesimama. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope, na maji yaliyokuwa yaende kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme hayafiki.

Wengi tunalaumu mvua, au vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya huko juu, au mifugo. Kila moja lina sehemu yake. Lakini Mheshimiwa, mpunga ukishavunwa mifereji yetu inaendelea kujaa maji yanayochepushwa mtoni kwenye mabanio. Kwa nini hatuifungi? Kwa sababu humo ndimo tunamochota maji ya kunywa. Maji ya mto mzima yanapitishwa kilomita kadhaa kwenye udongo ili kaya zijaze ndoo, na mengi yanaishia njiani. Ndoo zenyewe tunazijaza palepale ng'ombe wanapokanyaga.

Hatukuanza sisi kukausha mito. Katika miaka mia moja hivi, maji ambayo dunia inayachota yameongezeka takriban mara sita, na karibu asilimia 70 huenda mashambani. Kuanzia miaka ya 1960 Wasovieti waliielekeza mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenye pamba. Bahari ya Aral, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ikasinyaa hadi meli za wavuvi zikabaki mchangani. Nchini China, Mto Huang He ulikatika kabla ya kufika baharini mwaka 1972, na mwaka 1997 sehemu yake ya chini ilikaa kavu siku 226.

Huo wa China ndio naomba uutazame. Mwaka 1999 mamlaka moja ilipewa kazi ya kugawa maji ya mto wote, kila mkoa na kiasi chake, na tangu hapo mto haujakatika tena. Wachina hao hao ndio waliotusaidia kujenga shamba la Mbarali miaka ya 1970. Tulijifunza kwao kumwagilia. Hili la kurudisha maji mtoni bado.

Ombi langu ni hili. Vijiji vinavyotegemea mifereji vichimbiwe visima virefu vyenye pampu, kabla ya jambo lingine lolote. Maji ya kunywa yakishapatikana, mabanio yafungwe kuanzia mavuno hadi msimu wa kuandaa vitalu, na jumuiya za watumia maji zikabidhiwe funguo pamoja na vipimo, vibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu avisome. Kutufungia bila visima ni kututesa, na watu watavunja kufuli usiku.

Anzeni na banio letu. Siku ya kulifunga nitakuwepo, na majirani zangu nitakuwa nimeshazungumza nao.

Mkulima wa mpunga,
Igurusi, Mbarali