Mwanangu, nilikudanganya kuhusu Meru

Marahaba baba. Hii meseji ni ndefu, isome ukishatulia.

Unakumbuka ulivokua mdogo ulikua unaniuliza mama kule juu Mlima Meru kuna nini, na mimi nikiwa nafua nakujibu mawe tu, hebu kalete maji. Sasa wenzangu wa kazini walipanga safari ya kupanda wakanibeba na mimi, nimerudi juzi magoti yanalia, na nina deni la kukujibu vizuri.

Siku ya kwanza tulianzia geti la Momella, askari wa hifadhi anatangulia na bunduki kwa sababu nyati wa pale hawana utani, mimi nikaganda nyuma yake kama mtoto wa chekechea. Msituni mbega wanaruka na mikia yao mieupe inaning'inia hadi unasahau mguu unauma. Tukalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514, kesho yake ni ngazi, ngazi, ngazi mpaka kambi ya Saddle mita 3,570 na kichwa kikaanza kunigonga, chakula hakipandi. Wale wagumu waliobeba mizigo yetu walishafika zamani wanapiga stori.

Saa saba usiku tukaamshwa. Baridi ile siwezi kukuelezea, maji ya kwenye chupa yaliganda, halafu njia ni majivu, unapanda hatua mbili unateleza moja, kushoto kwako ni shimo ambalo gizani hulioni na nadhani ndo maana wanatupandisha usiku. Kulipopambazuka ndo nikaona, baba, mlima haujakamilika! Upande wote wa mashariki haupo. Kama miaka 8,000 iliyopita ubavu uliporomoka, mawe na matope yakaenda mbali kabisa huko chini, na kwenye mabonde yaliyobaki maji yakakaa, ndo yale maziwa ya Momella tuliyokupeleka kuona flamingo ukalia unataka soda. Katikati ya kreta, yaani lile shimo la volkano, kuna kilima cha majivu kimechongoka, cheusi, kimekaa kimya. Mara ya mwisho mlima kutema majivu ni 1910, yaani sio zamani kivile.

Na ng'ambo kule Kilimanjaro unaelea juu ya mawingu.

Ila mimi macho yalienda chini, Ngarenanyuki. Bibi yako alikua binti mdogo 1951 serikali ya mkoloni ilipowahamisha Wameru pale kwa nguvu ili wazungu wapate pa kufugia, nyumba zikachomwa, watu kama elfu tatu hivi. Wameru wakachangishana hela, Kirilo Japhet akaenda hadi New York 1952 kuwasemea kwenye Umoja wa Mataifa, na hiyo ni miaka mitatu kabla Nyerere hajaenda. Ardhi hawakurudishiwa papo hapo, lakini huko mbele madai yale yaliwasaidia sana waliokuja kudai uhuru. Bibi alikua anasimulia moshi tu, moshi wa ile siku, mi nilikua naona hadithi za wazee. Ukipaona kutoka juu, palivo padogo na pa kijani, koo linakaba.

Kingine, haya meno yangu ya rangi ya chai uliyokua unanitania nisicheke kwenye picha. Ni mlima huo huo. Mawe ya volkano yana madini ya floraidi mengi, yanaingia kwenye maji ya mito yetu, mtoto akiyanywa meno yanapokua yanatoka hivo. Kwahiyo nimeubeba Meru mdomoni miaka yote nakwambia ni mawe tu.

Kileleni sikufika, nisikudanganye mara ya pili. Kiko zaidi ya mita 4,560, panaitwa Kilele cha Ujamaa, ilibaki kama saa moja nikatapika, askari akaniangalia akasema mama tunashuka, na sikubisha. Wenzangu wamenionyesha picha, kuna kibao na bendera.

Wewe ukija likizo nenda, ila sio Aprili, masika ile njia ni utelezi mtupu. Viatu usinunue vipya ukapandia siku hiyo hiyo, mwenzangu mmoja kucha mbili zimekua nyeusi. Glavu zangu nimekutunzia, ya kulia ina tundu kwenye kidole gumba, nitaishona.

Mama yako.